Mudhifu wa Bati

Mutashar alipobomoa mudhifu wa babu yetu na kusimamisha wa bati, aliuzunguka akiupigapiga kwa kiganja kama mtu anayempongeza nyati wake wa maziwa aliyezaa pacha. Alisema nyumba hii ya wageni haitaoza, haitaungua, wala haitadai matete mapya kila baada ya miaka michache. Katika hayo alisema kweli. Lakini Mutashar ni mtu wa macho tu. Alitazama urefu, akatazama rangi ya buluu aliyoipaka, akaridhika.

Mimi ni Nashmiya, binti wa ami yake. Tanuri la mkate liko nyuma ya mudhifu, upande ambao wanaume hawapiti, na ni langu tangu mama yangu aliponiachia. Kila mgeni aliyekula mkate kwa Shekhe Mutashar amekula mkate wangu. Nalisema hili mapema ili mjue nilikuwa wapi niliposikia niliyoyasikia, msije mkaniambia nilikwenda kudukiza.

Mudhifu wa matete ulikuwa unameza maneno. Pinde zake zilikuwa mafungu ya matete manene kuliko kiuno cha mwanamume, na juu yake mikeka, tabaka kwa tabaka, na katikati ya matete mlikuwa na hewa, vumbi na viota vya ndege. Wanaume waligombana humo hadi mishipa ya shingo ikawatoka, na sisi huku nje tulisikia mvumo tu. Mambo ya ukoo yaliingia humo yakakaa humo, na tukitaka kuyajua ilitubidi tusubiri waume warudi nyumbani na tuwape chai.

Bati halimezi kitu. Ukisema neno ndani, bati linatikisika, na likitikisika linalisema neno lile lile upande wa pili. Zile kunjo zake zinalifanya liwe gumu upande mmoja na lilegee upande mwingine, basi sauti ikishaingia kwenye kunjo moja hukimbia nayo kutoka chini hadi darini. Tena mafundi wa Mutashar waliyakaza mabati kwa skrubu juu ya pinde za chuma, chuma kwa chuma, bila hata kipande cha mpira katikati. Ukiweka mkono kwenye mguu wa upinde mmoja, unahisi kikohozi cha mzee aliyeketi mwisho wa nyumba.

Siku ya kwanza Mutashar alipoketi ndani na kusema bismillahi, ilikuwa kana kwamba ameketi juu ya unga wangu. Mkewe, Mama Chasib, aliangusha chekecheo. Tukatazamana, wanawake wote tuliokuwa pale, na hakuna aliyesema tunyamaze. Tulinyamaza tu.

Basi tukawa tunasikia. Tulisikia nani anaiba maji ya mfereji, nani anamwogopa nani, nani anakwenda kwa daktari wa Basra kwa siri na kwa ugonjwa gani. Tulilizoea bati hadi tukajua tabia zake. Sauti nzito za wazee hutokea kwenye pinde, sauti nyembamba za vijana hupenya katikati ya bati. Adhuhuri jua likilikaanga, linalialia na kula neno hapa na pale. Mvua ikinyesha hasikii mtu, hata wao wenyewe humo ndani wanapigiana kelele sikioni. Mama Chasib alisikia habari ya mke mwenza kabla huyo mwenza hajaulizwa, na siku hiyo alipika wali wenye chumvi hadi wageni wakaomba maji mara mbilimbili.

Wanaume waliona kwamba mambo yao yanavuja, ila hawakujua yanavujia wapi. Mutashar aliamua ni simu. Akaweka kapu mlangoni, kila anayeingia anaacha simu yake humo, hata wazee ambao simu zao hazina chaji tangu Ramadhani. Akatundika na mapazia ya satini yenye shada za dhahabu, kukinga jicho la hasidi. Simu zikalala kapuni, satini ikameremeta, na sisi tukaendelea kukanda unga.

Siku moja ya baridi mgeni kutoka Amara alimuuliza mbona binti wa ami yake, huyu anayeoka mkate mtamu, hakuolewa. Mutashar alicheka. Akasema, "Nilimzuia mimi. Sikumtaka, lakini sikutaka amfae mwingine." Wageni nao wakacheka. Mkono wangu ulikuwa ndani ya tanuri nikibandika mkate, na niliusahau humo. Kovu ninalo mpaka leo.

Zuio mnalijua. Binamu wa upande wa baba akitamka kwamba amekuzuia, hakuna mwanamume atakayekanyaga mlango wenu mpaka huyo binamu atamke tena kuachia. Mutashar alitamka nywele zangu zikiwa nyeusi tii. Hakuachia. Nilikuwa nimejiambia miaka yote kwamba labda alinipenda akashindwa kusema. Kumbe hata hilo hapana.

Sasa nije kwa Ghaniya, binti wa kaka yangu Lafta. Ghaniya anauza malai ya nyati sokoni, anavuka mto alfajiri na sinia kichwani, na ulimi wake unajulikana pande zote mbili za mto. Raisan, muuguzi wa zahanati, alikuwa akinunua malai kwake kila siku hata watu wakasema damu yake imeshakuwa siagi. Mwishowe akaja kwa Lafta kuposa, kwa adabu, na mjomba wake kando. Lafta alifurahi. Ghaniya alijifanya hajali, lakini siku hiyo alinisaidia kuoka na akaunguza mikate yote.

Wiki haikuisha, Chasib mwana wa Mutashar akasimama mbele ya zahanati, akafyatua risasi hewani, akatangaza kwamba Ghaniya ni binti wa ukoo wake na amemzuia. Chasib ana mke na watoto Basra. Ghaniya hamtaki hata kwa dawa. Chasib alikuwa amegombana na Lafta kuhusu malisho ya nyati, basi ikawa hiyo ndiyo namna ya kumkomoa. Watu walidhani Raisan atahama mji. Asubuhi yake alikuja kununua malai.

"Alihesabu chenji mara tatu akitazama nyuma, Shangazi," Ghaniya aliniambia. "Lakini alikuja."

Watu wa Raisan wakamwendea Sayyid Adnan, mzee wa nasaba ya Mtume ambaye hakuna ukoo kwetu unaopenda kumkatalia, wakamwomba awaongoze kuja kwa Mutashar. Mnajua mambo hayo yanavyokwenda. Mkubwa wa msafara hupewa finjani ya kahawa, anaiweka chini mbele yake, anasema hatainywa mpaka apewe alilolijia. Mwenye nyumba akimwacha aondoke na finjani imejaa, aibu hiyo itasimuliwa hadi kwa wajukuu. Nilipumua. Nikasema safari hii Mutashar amebanwa.

Siku moja kabla ya msafara kufika, tulikuwa tunasaga mchele kwa mkate wa wageni, Ghaniya naye yupo, unga mpaka kwenye viwiko. Ndani walikuwa wawili tu, Mutashar na mwanawe.

"Baba, ukimkatalia Sayyid tumekwisha," Chasib alisema.

"Mimi simkatalii. Anakataa msichana." Sauti ya Mutashar ilitoka kwenye upinde wa kati, nzito na imetulia. "Tutasema mwenyewe ametuambia hataki mgeni, anamtaka binamu yake. Sayyid afanye nini hapo? Amlazimishe? Atakunywa kahawa yake, aondoke."

"Na Lafta je?"

"Lafta ataangalia mkeka, kama kawaida yake."

Mama Chasib aliinamia jiwe la kusagia kana kwamba kuna kitu kimeangukia humo. Ghaniya alinawa mikono polepole, kidole kimoja kimoja, akaenda moja kwa moja kwa baba yake. Nikamfuata.

Lafta alitusikiliza mpaka mwisho. Kaka yangu si mtu mbaya. Ni mtu aliyezoea kuinamisha kichwa, na shingo ikishazoea huwa na uzito wake. Alisema, nani atasimama mbele ya Sayyid amwite Mutashar mwongo, ndani ya nyumba ya Mutashar, akila chakula cha Mutashar? Na akiulizwa amesikia wapi, aseme nini? Akafuta macho kwa ncha ya kilemba. Nilimhurumia, na nilitamani kumpiga.

Mwanamke haingii mudhifu wanaume wakiwa wameketi. Haijawahi kutokea, na Ghaniya alijua kwamba akiingia, neno lake litakufa pale pale kwa ajili ya mguu wake. Watazungumzia mguu hadi jioni. Tulirudi hadi tanurini. Halafu akaniuliza.

"Shangazi, wewe ulipozuiwa ulifanya nini?"

"Nilioka mkate."

"Mimi sioki," akasema.

Alikuwa anautazama ukuta. Nami nikautazama. Nawaambia ukweli, mwaka mzima na zaidi tulikuwa tumekaa pale tukipokea tu, na hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba mlango ule una pande mbili. Kinachotoka kinaweza kuingia.

Kufagia mudhifu kabla ya wageni ni kazi yetu, basi jioni ile Ghaniya aliingia na ufagio, mimi nikabaki nje. Nikasema neno karibu na bati, akagonga bati kuonyesha hakuelewa. Nikajaribu huku na huku. Katikati ya bati sauti ilipita ikiwa nyembamba, imechanika. Kwenye bonde la kunjo ilipotea. Lakini nilipochuchumaa kwenye mguu wa upinde wa kati, viganja vyote viwili juu ya chuma, midomo ikikaribia kugusa mgongo wa bati lililokazwa hapo, nikasema taratibu, "Ghaniya, unanisikia?", ufagio ulianguka ndani.

Alitoka akikimbia. "Shangazi, umetoka darini," alisema. "Umetoka kila mahali. Sikujua nigeuke wapi."

Tukacheka hadi tukakaa chini; tulikuwa tumeelewa tunachokwenda kukifanya.

Msafara ulifika kabla ya adhuhuri. Tuliwasikia wakivua viatu, wakiacha simu kapuni, wakipewa salamu moja moja kwa mviringo. Tulikuwa wengi tanurini siku ile, wanawake wa ukoo wote, kwa sababu ya wali na kondoo. Nilikuwa nimewaambia asubuhi tunachotaka. Sikumwambia Mama Chasib, na haikuwa kwa chuki. Nilidhani si haki kumweka mama kati ya ukuta na mwanawe. Lakini aliona jinsi tulivyokuwa hatuongei, na si mjinga.

Dele la kahawa lilizunguka. Tukasikia finjani ikiwekwa chini, mlio mdogo kabisa, na bati likautoa wazi kama jino lililogonga jino. Sayyid Adnan akasema alichokijia. Alisema vizuri, bila kupaka mafuta: kijana ni mwema, msichana ni mwema, baba ameridhia, limebaki neno la binamu, nasi tumekuja kuliomba.

Mutashar akaanza mbali. Akamsifu Sayyid, akawasifu mababu wa Sayyid. Halafu akashusha sauti ile anayoishusha akitaka kuonekana ana huruma.

"Wallahi, Sayyid, ingekuwa ni sisi, ungeshakunywa kahawa. Lakini msichana mwenyewe ametuambia. Hataki mgeni. Anamtaka binamu yake. Nami siwezi kumlazimisha binti wa ukoo wangu, haki iko wapi hapo?"

Tukasubiri Lafta aseme. Tulisubiri, nami nilisali kwa moyo wote kwamba kaka yangu afungue kinywa. Lafta aliangalia mkeka.

"Kama msichana amesema," Sayyid alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa imechoka, "basi hatuna la kudai."

Mkono wake ukawa unaiendea finjani. Hilo nililisikia baadaye kwa Lafta. Mimi nilichosikia ni nguo kukwaruza. Nikanyanyua chuma changu cha kuchochea moto nikaugonga mguu wa upinde.

Lafta anasema vikombe viliruka kwenye sinia. Anasema vumbi lilishuka kutoka kwenye mapazia ya satini, na Chasib akajikunja, mikono kichwani. Chuma kikaliita bati, bati likaita bati la pili, na mudhifu mzima ukalia kwa muda mrefu hadi nikaogopa mimi mwenyewe. Ulipotulia, Ghaniya alikuwa tayari amechuchumaa, viganja kwenye chuma.

"Mimi ni Ghaniya binti Lafta," alisema, na hakupaza sauti. "Neno hilo sijalisema. Sijamwambia Shekhe, sijamwambia mtu. Ninayemtaka ni Raisan."

Ndani kukawa na mshindo wa watu kugeuka, wengine wakitazama mlangoni, wengine wakitazama darini.

"Nini hiyo?" Mutashar alisema. "Ni upepo. Mabati haya yana upepo."

"Upepo huu una jina la baba yake," akasema Sayyid.

Mtu mmoja alicheka akajizuia. Mutashar akapandwa na hasira sasa, akasema mwanamke haruhusiwi kusema ndani ya mudhifu, ni mila tangu mababu, na aliyefanya hivyo ameuvunjia heshima ukoo mzima. Nikamsogeza Ghaniya kidogo nikaweka mdomo wangu pale pale.

"Hakuna aliyeingia, binamu," nikasema. "Sisi tuko tanurini kwetu. Ukuta ni wako. Uliujenga mwenyewe."

Akafungua kinywa kunijibu, na hapo ndipo nilipoinua mkono. Wanaume wetu wakiwa na jambo zito hupiga hosa: mmoja anatunga kipande papo hapo, wengine wanakidaka na kukanyaga ardhi kwa pamoja. Wanapiga kwenye vita, kwenye msiba, kwenye uchaguzi. Na wanawake tunajua kupiga. Nikatoa kipande changu:

"Ulimi anao mwenyewe, nani kawatuma kuusemea?"

"Anao mwenyewe!" wanawake wakadaka, na badala ya kukanyaga ardhi, wakapiga ukuta. Viganja, miiko, masufuria, urefu wote wa mudhifu.

Sijawahi kusikia kitu kama kile. Sisi tuliokuwa nje kilitujaa kifuani. Waliokuwa ndani, nasikia, ilikuwa kama mvua ya mawe, ila mvua yenye maneno. Nikashusha mkono, wakanyamaza. Mutashar akaanza, "Sikilizeni, enyi—" nikauinua mkono. "Anao mwenyewe!" Nikashusha. Akaanza tena, tukaanza tena. Kila alipotaka kusema tulimfunika, na kila aliponyamaza tulinyamaza, hadi hata mtu wa mwisho humo ndani akaelewa mchezo. Mtu huyu alisema peke yake katika mudhifu ule tangu alipoujenga. Siku ile hakuimaliza sentensi hata moja.

Katikati ya hayo nilimwona Mama Chasib. Alikuwa amesimama kando na kifuniko cha sufuria ya wali mkononi, mvuke unampanda usoni, anatutazama mmoja mmoja. Wanawake walianza kulegea kwa kumwonea haya. Naye akaja hadi ukutani, akachagua mahali, akapiga kwa kifuniko kile pigo ambalo nadhani lilikuwa limekaa ndani yake kwa miaka.

Nikashusha mkono, maana Sayyid alikuwa amekohoa.

"Nitauliza swali moja, na nitamuuliza baba," Sayyid alisema. "Lafta, sauti ile unaijua?"

Tulisimama na vyombo vyetu mikononi. Ghaniya alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye bati. Sikumwona akilia.

"Naijua," Lafta akasema. Sauti yake ilitoka nyembamba, katikati ya bati, kama za vijana. "Ni ya binti yangu. Hajasema walichokuambia. Mimi ni baba yake, na nimekubali aolewe na Raisan. Aliyezuia aachie sasa hivi, au aniambie mbele yako anamzuilia nini."

Nadhani Mutashar aliogopa kufungua kinywa. Ilibaki kwa Chasib, na macho ya msafara mzima yakiwa juu yake, na finjani iko chini, inapoa. Tukasikia kitu kama mtu anayetafuna sufi.

"Hatujasikia," Ghaniya alisema ukutani.

Chasib akarudia, kwa sauti ya nusu.

"Bado. Huku kuna moto unawaka, binamu, sema kama mwanamume."

"Nimeachia!" Chasib akapiga ukelele, na bati likalichukua neno lile likalipeleka mpaka mtoni, ambako watu wa mitumbwi, tuliambiwa baadaye, waliuliza nani ameachia nini. Sayyid akanywa kahawa yake. Ilikuwa imeshapoa, lakini aliimaliza yote, na akaitikisa finjani kuonyesha ametosheka.

Tukapakua wali. Ulikuwa umeshikana kidogo chini, na hakuna mgeni aliyelalamika.

Siku chache baada ya harusi, Mutashar alikuja nyuma ya mudhifu. Alisimama pale ambapo wanaume hawasimami, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kuchagua kondoo. Alisema anataka mikeka ya matete ya kufunika kuta zote kwa ndani, minene, mikeka mitatu mitatu, na kwamba wanawake tunajua kuisuka, basi tuanze. Nikamwambia tuna mikeka ya nyumba ya Ghaniya kwanza. Akauliza baada ya hiyo. Nikamwambia baada ya hiyo mikono yetu itakuwa imechoka sana.

Hakukasirika. Alikuwa anatazama kovu kwenye mkono wangu.

"Mmekuwa mkisikia tangu lini?"

"Tangu bismillahi ya kwanza."

Nilimwona akirudi nyuma kwa mawazo, siku kwa siku, akikusanya. Nilimpa muda. Nilimwona alipofika kwenye siku ile ya baridi.

"Hata alipokuja yule mgeni wa Amara?"

"Hata yule."

Akafungua kinywa, nami nikamwambia, "Usiseme. Simama hapo hapo. Weka mkono wako kwenye chuma."

Sijui kwa nini alitii. Nilizunguka mbele, nikavua viatu mlangoni, nikaingia. Hamkuwa na mtu. Sikuwa na ufagio safari hii. Nilitembea juu ya mazulia hadi katikati, mahali pake, penye mito, chini ya upinde wa kati, nikaketi. Nikaketi vizuri, mguu mmoja juu ya mwingine. Kutoka pale mudhifu ulionekana mkubwa kweli.

Kisha nikamwambia. Kwa sauti ya chini, ya mtu anayeongea na mtu aliye karibu. Nilimtajia jina la mwanamume aliyekuwa aje kuniposa, jina ambalo nilikuwa sijalitamka tangu nikiwa msichana. Alikuwa mjenzi wa mitumbwi, na mitumbwi yake haikuvuja. Nilimwambia alinisubiri miaka mingapi, na alipoacha kunisubiri alioa wapi. Nilimwambia majina niliyokuwa nimewachagulia watoto wetu, moja moja, na kila nilipotaja jina bati lililishika kidogo kabla ya kuliachia. Sikumlaani. Sikumwomba kitu. Nilipomaliza, nilikaa mpaka mvumo ukaisha.

Nilipozunguka nyuma nilimkuta pale pale, kiganja juu ya chuma, uso ukutani.

"Umesikia?"

"Nimesikia, Nashmiya."

"Basi sogea," nikamwambia. "Nina mkate wa kuoka."